Vifaa vya kutengenezea pedali za gitaa, kwa Arusha na Moshi mnapata wapi?

UziWaSita (Kijenge, Arusha)

Wakuu, habari za Jumapili.

Napiga gitaa la solo kwenye bendi ya kwaya yetu, huu mwaka wa sita. Pedali ninayotumia (kile kiboksi cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa) ni ya kuazima na mwenyewe anaihitaji mwisho wa mwezi. Nimeamua safari hii sinunui, natengeneza. Nimesomea umeme wa majumbani VETA, kulehemu najua, na michoro ya saketi naisoma polepole lakini naielewa.

Nataka nianze na mbili. Ya kwanza ni ovadraivu, yaani ya mkwaruzo wa wastani, ya aina ya Tube Screamer, maana inakaa vizuri na kwaya: gitaa linasikika na sauti za waimbaji hazifunikwi. Ya pili ni fazi, yaani ya mkwaruzo mzito, ya aina ya Fuzz Face, ile ya mwaka 1966 yenye transista mbili za jemaniamu, siyo za silikoni kama za siku hizi. Hiyo ya pili haina kazi kanisani. Naitaka kwa sababu nimeisikia tangu nikiwa mdogo kwenye redio ya baba na sijawahi kuishika.

Jana nimezunguka kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana. Nimepita maduka ya vifaa vya redio karibu na Soko Kuu, nikashuka Kilombero, nikamalizia kwa mafundi wa simu. Rezista nimepata, waya nimepata, jeki za gitaa nimepata. Nilivyokosa ni vinne: aisii ya JRC4558 ya ile ovadraivu, swichi ya kukanyaga yenye miguu tisa, kasha la alumini na transista za AC128, ndizo jemaniamu za ile fazi. Muuzaji mmoja aliniambia 4558 haijawahi kufika Arusha. Duka la mwisho mama alidhani nasema pedali ya cherehani. Nilipomwonyesha picha kwenye simu akanionea huruma, akasema kitu hicho mpaka Ulaya.

Mtandaoni naona watu wanauza AC128 kumi kwa bei ndogo sana. Niagize? Na hivyo vingine, kuna mwenzangu yeyote huku kaskazini amewahi kuvipata bila kwenda Dar?

---

BesiYaUsaRiver

Mkuu, swichi ya miguu tisa usiitafute Arusha, utamaliza soli. Mimi zangu nilizipata kwa njia mbili. Kariakoo kuna watu wanauza vifaa vya elektroniki kwa rejareja. Unapiga simu, unamtumia picha, unalipa kwa simu, anakupakilia kwenye basi la usiku na asubuhi unachukua mzigo stendi. Njia ya pili ni Nairobi, Luthuli Avenue. Kama una ndugu anayepanda shuttle za Namanga mpe orodha iliyoandikwa namba kamili, siyo maelezo. Ukiandika "swichi ya kukanyaga" ataletewa ya taa.

Ukizipata nunua tano kwa mpigo. Ndicho kifaa kinachokufa mapema, na ukilehemu kwa kuchelewesha moto kwenye mguu, plastiki ya ndani inalainika na swichi haibonyezeki tena. Mbili za kwanza niliziua hivyo mwenyewe.

Kama hutaki kusubiri, swichi ya miguu sita inatosha. Gitaa litapita moja kwa moja pedali ikiwa imezimwa. Utakachokosa ni taa ya kuonyesha imewashwa.

---

FundiRedioMbuyuni (Moshi)

Mwanangu UziWaSita, nimekaa kwenye meza ya redio hapa Mbuyuni tangu 1983, na swali lako limenifurahisha kuliko maswali yote niliyosoma humu mwaka huu. Nitakujibu kwa urefu, vumilia.

Huyo aliyekuambia 4558 haijafika Arusha anaiuza kila siku bila kujua. Nenda kwa fundi yeyote wa mtaani kwako umwombe akufungulie sabufa iliyokufa, hizi za besi moja na spika mbili ndogo, zilizojaa kwenye saluni na vibanda vya chipsi. Angalia bodi ya mbele, pale zilipo voliumu za besi na treble. Utakuta aisii nyeusi ya miguu minane imeandikwa 4558. Mara nyingi ziko mbili. Herufi za mbele zinabadilika kufuatana na kiwanda, kazi ni ileile: ampu mbili ndani ya ganda moja. Ibanez walipotoa TS808, ndiyo hiyo Tube Screamer, mwishoni mwa miaka ya 1970, 4558 ilikuwa aisii ya kawaida kabisa. Utukufu umekuja baadaye.

Ukiwa hapohapo usiondoke na aisii peke yake. Kwenye bodi hizo, au za redio kaseti, utakuta transista zilizoandikwa C1815. Njia ya sauti ya TS808 yenyewe ina mbili za namba hiyo, moja mlangoni sauti inapoingia na moja inapotokea. Dayodi za 1N4148 ni vile vidonge vya kioo vya rangi ya chungwa. Bodi moja ya TV inazo za kutengeneza pedali kumi. Kapasita zile bapa za kijani soma namba: 473 ndiyo maikrofaradi 0.047, 104 ndiyo 0.1, 103 ndiyo 0.01. Ile ndogo ya pikofaradi 51 itakusumbua, weka 47 kutoka sehemu ya FM ya redio mbovu, sikio halitajua.

Voliumu za sabufa nyingi zimeandikwa B50K. Kwa Tube Screamer unahitaji 500K ya kuongeza mkwaruzo, 20K ya toni na 100K ya sauti, kwa hiyo hizo tatu nunua. Nunua pia kapasita zote za elektroliti zikiwa mpya. Za bodi kuukuu zimekauka ndani, na mtu anahangaika wiki nzima kutafuta kosa lililo kwenye kifaa cha shilingi mia mbili.

Jambo moja la usalama. Ukifungua TV ya kichogo au pawa ya kompyuta, ile kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani hubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa. Iguse kwanza kwa mita. Ninamfahamu fundi aliyerushwa ukutani nayo.

Sasa jemaniamu, na hapa ndipo nina neno na wewe.

Usiagize hizo kumi za bei ndogo. Mteja wangu aliagiza, zikafika posta vizuri, zimeandikwa AC128 kwa maandishi mapya yanayong'aa. Nikaweka mita kwenye alama ya dayodi. Jemaniamu husoma kati ya volti 0.15 na 0.3 hivi. Nane kati ya zile kumi zilisoma 0.65. Hiyo ni silikoni iliyofutwa jina ikapewa jingine. Mbili zilizobaki zilikuwa jemaniamu kweli, ila zinavuja kama chujio, yaani umeme unapita hata transista ikiwa haijaamrishwa.

Jemaniamu ya kweli iko kwenye redio za wazee. Redio za miaka ya 1960 za Philips zina OC44, OC45, OC71, OC72, za kioo kilichopakwa rangi nyeusi. Usikwangue hiyo rangi: mwanga ukiingia ndani transista inabadilika tabia. AC128 ni ya chuma, ndefu kidogo kama risasi ndogo, na hukaa upande wa kutolea sauti, mara nyingi zikiwa jozi. Huku uchagani redio hizo bado ziko juu ya makabati, Marangu, Kibosho, Machame, zimefunikwa kitambaa. Nakuomba kitu kimoja: kama redio inaweza kupona, usiichinje. Mwambie mwenye nayo ukweli. Mimi huchukua zile tu ambazo mchwa au maji yamemaliza kila kitu kingine.

Ukizipata, pima uvujaji kabla ya kulehemu. Ile tundu ya kupimia transista kwenye mita ya njano itakudanganya, kwa sababu inahesabu uvujaji kama nguvu ya transista, yaani mara ngapi inakuza umeme. Transista ina miguu mitatu: emita, kolekta na besi. Fanya hivi: betri ya volti 9, emita kwenye chanya, kolekta kwenye hasi kupitia rezista ya 2.2K, besi iache ikining'inia. Pima volti kwenye hiyo rezista. Ukisoma 0.22, uvujaji ni maikroampia 100, transista nzuri. Ikipita 0.65 iweke pembeni. Kisha unganisha besi kwenye hasi kupitia rezista ya 2.2M, soma tena, utoe ile ya kwanza. Kila 0.88 ya tofauti ni nguvu ya 100. Kwa Fuzz Face tafuta ya kwanza iwe karibu 70 au 80, ya pili kuanzia 100 hadi 130. Na usiishike kwa vidole wakati unapima. Joto la mkono linatosha kupandisha namba mbele ya macho yako. Iweke mezani, subiri dakika mbili.

Hilo la joto silisemi kama maelezo ya kitabuni. Miaka ya tisini nilimtengenezea mpiga solo wa bendi moja ya dansi fazi ya AC128. Tuliijaribu Arusha, jioni ya mwezi wa saba, baridi ile mnayoijua, na ilikuwa na sauti tamu kama mtu anayeimba amefumba mdomo. Mwezi wa pili akaja nayo Moshi kwenye harusi, mchana, jua la Moshi. Ikakaba. Noti inaanza, inakatika, inatema vipande. Alinitazama kutoka jukwaani na mimi nikajua kosa ni langu. Uvujaji wa jemaniamu huongezeka karibu mara mbili kila joto linapopanda nyuzi 10, na kutoka jioni ya Arusha ya Julai hadi mchana wa Moshi wa Februari ni nyuzi 15 au zaidi. Tangu siku hiyo sifungi fazi bila kuweka trima ya 10K (rezista ya kugeuza kwa bisibisi) mahali pa ile rezista ya 8.2K, na tundu dogo kwenye kasha la kupitisha bisibisi. Kolekta ya transista ya pili iwe nusu ya betri, volti 4.5. Hali ya hewa ikibadilika, unaigeuza.

Nina AC128 kwenye kopo la kahawa. Nikipima nitakuwekea mbili.

---

MamaKinanda (Majengo, Moshi)

Naongeza la umeme maana hapo ndipo vijana wetu wanaunguza vitu. Pedali nyingi zinataka volti 9 na hasi iko katikati ya pini. Adapta za ruta na ving'amuzi zilizojaa majumbani ni volti 12 na chanya ndiyo katikati. Pini inaingia vizuri kabisa, halafu kinachofuata ni harufu.

Angalieni adapta za vinanda vya zamani vya Casio, zile za volti 9 zilizoandikwa AD-5. Zenyewe hasi iko katikati. Kanisani kwetu kinanda kilikufa, adapta ikabaki, sasa inaendesha pedali ya mpiga gitaa wetu. Ila ipimeni kwanza, isipobebeshwa mzigo inapanda zaidi ya 9, na ina mngurumo kidogo, kwa hiyo kapasita kubwa ndani ya pedali inahitajika. Au chukua adapta ya volti 12, weka aisii ya 7809 ndani ya kiboksi, upate 9 safi, na hapo mwenyewe unachagua waya upi uende katikati.

Mzee wa Mbuyuni, shikamoo. Redio yangu ya marehemu mama uliitengeneza 2009 na inaimba mpaka leo.

---

FundiRedioMbuyuni (Moshi)

Marahaba mama. Umesema la maana, nami nilisahau jambo linaloendana nalo. Fazi ya AC128 ni ya PNP, aina ya transista ambayo umeme wake umegeuzwa, chanya yake ndiyo imeungana na kasha. Usiichomeke kwenye waya mmoja wa umeme pamoja na ovadraivu, utakuwa umegusanisha chanya na hasi kupitia waya za gitaa. Ipe betri yake peke yake. Inakula kidogo sana, betri moja inakaa miezi.

---

UziWaSita (Kijenge, Arusha)

Shikamoo mzee, shikamoo mama, kaka wa Usa River asante.

Nimerudi na matokeo ya wiki mbili. Fundi wa jirani yangu alikuwa na sabufa nne chini ya meza. Nimempa elfu tano kwa bodi zote nne. Aisii za 4558 zimetoka saba! Nimekaa na hizo bodi usiku mpaka saa sita, sikujua kama kuna vitu vyote hivyo.

Kasha nimetumia boksi la chuma la soketi mbili, lile la kuchimbia ukutani, na kifuniko chake cha bati nimekikata mwenyewe. Limegharimu kidogo na halipinduki ukilikanyaga.

Tatizo: ovadraivu nimeimaliza, nikizima gitaa linapita, nikiwasha sauti inatoka kwa mbali sana na inakwaruza vibaya hata voliumu ikiwa chini. C1815 moja ilikatika mguu nikaweka BC547 badala yake, nilisoma kwamba zinalingana. Nimepima volti, betri 9.1, mguu wa nane wa aisii 9.0, mguu wa nne sifuri. Nimekwama.

---

FundiRedioMbuyuni (Moshi)

Umepima vizuri, umeme unaifikia aisii yako. Kosa liko kwenye BC547.

Zinalingana kwa nguvu, ila hazilingani kwa miguu. Shika C1815 uso bapa ukikutazama, miguu ikiwa chini: kutoka kushoto ni emita, kolekta, besi. BC547 kwa mkao huohuo ni kolekta, besi, emita. Ukiiweka kwenye matundu ya C1815 kama ilivyo, hakuna mguu hata mmoja uliokaa mahali pake. Ing'oe, uivalishe miguu vipande vya soksi ya waya ili isigusane, kisha uipeleke kila mguu tundu lake. Haijafa, volti 9 kupitia rezista kubwa hizo haziiui.

---

UziWaSita (Kijenge, Arusha)

Mzee!

Imelia. Saa nne usiku nimeiwasha kwa sauti ya chini na mke wangu katoka chumbani kuja kusikiliza. Nimepiga ule mwanzo wa pambio letu la Jumapili mara nne. Ina ule ukali wa katikati bila kelele za juu, kama nilivyokuwa naitaka.

Jumamosi kwaya yetu inakuja Moshi kwenye tamasha la usharika. Naomba nipite Mbuyuni asubuhi kabla hatujaanza, nije na gitaa na boksi la pili ambalo tayari nimetoboa tundu la bisibisi.

---

FundiRedioMbuyuni (Moshi)

Njoo saa mbili. Jana nimepima kopo lote, AC128 kumi na nne. Tano zinavuja mno, sita nguvu ni ndogo. Tatu ni nzuri: moja inasoma 76, moja 112, moja 118. Nimezifunga kwenye karatasi, kila moja na namba zake. Hela usilete, leta risasi ya kulehemia, yangu imebaki kipande.

---

UziWaSita (Kijenge, Arusha)

Kwa wanaofuatilia uzi huu: tumeifunga juzi kwenye meza ya mzee, 76 mbele na 118 nyuma. Saa tatu asubuhi tuliweka 4.5 kamili. Saa saba mchana, boksi likiwa limekaa kwenye kiti nje ya ukumbi, nimepima tena nikakuta imehama karibu volti nzima na noti zimeanza kukatika, vilevile kama alivyosimulia. Bisibisi robo mzunguko, ikarudi.

Leo niko Arusha, asubuhi kuna ukungu, nimelazimika kuirudisha tena. Nimechora alama mbili za kalamu ya rangi pembeni ya tundu, A na M.

Ile 112 imebaki kwangu. Mwenye AC128 moja nzuri, karibu 70 hadi 80, aniandikie; kaka wa Usa River ameshasema anataka fazi ya pili tutakayoifunga.